Ijumaa Baada ya Reuzendal

Jumapili, 6 Aprili

Leo Baba ametoa wazo, na kazi ya kulitekeleza imeniangukia mimi, kama kawaida. Tulikuwa kwake Zutphen sote: mimi, mume wangu Rutger na watoto wetu Fenna na Jelmer, na kaka yangu Gerben na mkewe Marloes. Baba aligonga kikombe kwa kijiko, akasema anataka familia nzima twende Reuzendal, ile bustani kubwa ya michezo aliyokuwa akitupeleka mimi na Gerben tulipokuwa wadogo. Anataka iwe sasa, kabla hajaishiwa nguvu. Januari walimkuta na saratani ya kongosho. Hospitali walisema labda ana mwaka, naye akakataa dawa kali kwa sababu hataki kuumaliza mwaka huo akitapika. Mimi nimeshaipanga hata Krismasi.

"Siku ya Alhamisi itafaa," alisema. "Na Ijumaa inayofuata muwe huru nyote, mje hapa kwangu."

"Siku mbili mfululizo, Baba? Ijumaa kuna nini?"

"Nataka muwepo, basi. Tafuta tarehe wewe, Wietske. Tukimwachia Gerben tutakwenda mwakani."

Gerben hakucheka. Alikuwa anakikodolea macho kitambaa cha meza. Marloes akainuka kwenda kuchemsha kahawa nyingine, na birika lilikuwa bado limejaa. Nadhani Ijumaa hiyo Baba anataka tugawane vyombo vya marehemu Mama, na Marloes anaogopa nitachukua zile sahani za buluu. Aogope tu, nitazichukua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilipendekeza Alhamisi tarehe mosi Mei, watoto wakiwa likizo. Baba alijibu pale pale: "Nzuri." Baadaye nikakumbuka kuwa wiki hiyo tunakwenda kisiwani Texel. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Ijumaa tarehe 2 haiwezekani, tutakuwa Texel. Nitapendekeza nyingine." Nikaweka na alama ya kidole gumba.

Kundi zima likanyamaza hadi jioni, ndipo Baba akaandika: "Sawa. Nitawaarifu wahusika."

Wahusika gani, sijui. Labda yule mama anayemfanyia usafi siku za Ijumaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kutwa nzima. Nimeulizia kiti cha magurudumu cha kukodi getini Reuzendal. Wanavyo.

Jumatano, 16 Aprili

Rutger ananitania eti hata jeshi haliendi vitani na mipango kama yangu. Nimegawa kazi: Gerben ataleta gari kubwa, Marloes matunda, mimi mikate ya jibini. Chakula cha ndani ya bustani ni ghali na hakina ladha, na sijawahi kuwaona wazazi wangu wakikinunua.

"Na kulia je, umempangia nani?" Rutger aliuliza.

"Kulia kwa nini?"

"Jelmer akikataliwa kupanda ile treni ya mbao ya kuporomoka, kwa ufupi wake."

Nikampangia yeye.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeudhika. Tulishakubaliana tarehe 15 Mei, Alhamisi, shule imeshatoa ruhusa, na leo bwawa la kuogelea wameniandikia kuwa Jelmer ameitwa kwenye jaribio la cheti Ijumaa tarehe 16. Mtoto amelisubiri jaribio hilo mwaka mzima. Nikawaandikia wote kuwa Ijumaa hiyo haiwezekani, Jelmer anaogelea, kwa hiyo tuhamishe siku zote mbili.

Marloes akajibu maneno mawili tu: "Kweli, Wietske?"

Nikamjibu: "Kweli." Hana watoto, hajui orodha za kusubiri zilivyo.

Baadaye Gerben akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama aliyetoka usingizini.

"Dada, una uhakika? Ni kuogelea tu."

"Kwako ni kuogelea tu. Vile vyombo havitakimbia."

"Vyombo gani?"

"Gerben, nina mkutano sasa hivi. Tarehe 29 na 30 Mei, sikukuu ya Kupaa, shule zimefungwa, hakuna wa kupinga. Sawa?"

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye binti yake."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kutwa. Kwani nani alisema mimi si binti yake?

Jumapili, 4 Mei

Tumerudi kutoka Texel. Upepo, mchanga hadi masikioni. Baba hakupokea simu jana, leo amepokea. Anasema alikuwa amelala.

Ijumaa, 16 Mei

Jelmer amefaulu. Aliogelea na nguo zake zote mwilini, viatu pia, kama jaribio linavyotaka, akapita kwenye tundu la turubai chini ya maji bila kusita. Nililia kidogo.

Baba alikuja. Sikutarajia. Gerben alimbeba kutoka kwenye gari hadi kwenye benchi kando ya bwawa, akambeba kweli, mikononi. Nilishtuka. Sijamwona kwa wiki mbili tu, na shingo yake imebaki ngozi na mishipa. Alikaa na koti zito kwenye lile joto, jasho linamtiririka, akameza vidonge viwili bila maji. Jelmer alipotoka majini, Baba alipiga makofi hadi akakohoa.

"Nisingekubali kuikosa hii," alimwambia.

Marloes hakunisalimia. Nilipomwendea alinitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu, akageukia upande wa pili. Nimechoka na mwanamke huyu. Sahani za buluu achukue yeye, yaishe.

Jumanne, 20 Mei

Nitaandika, maana nisipoandika nitavunja kitu.

Asubuhi niliangalia utabiri. Alhamisi tarehe 29 ni mvua nchi nzima. Nikaandika kwenye kundi: "Mvua tarehe 29. Napendekeza tusogeze Alhamisi na Ijumaa hadi tarehe 12 na 13 Juni. Nani hawezi?" Haikupita hata dakika moja Marloes akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Siwezi kunyamaza tena, Wietske. Baba yako ameahirisha kufa mara mbili kwa ajili yako. Mara ya kwanza ukasema mna likizo. Mara ya pili ukasema mtoto anaogelea. Sasa unamwambia nini, mvua?"

Nilimuuliza anaongea nini.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Ile Ijumaa. Daktari Hoekstra ndiye anayesogezwa kila mara. Baba anaumwa usiku kucha, wewe unatuma vidole gumba."

Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu ya jikoni. Sheria ya nchi yetu naijua, nimeishi nayo maisha yangu yote: mgonjwa akiwa anateseka na hakuna dawa, anaomba mwenyewe, daktari wa pili anakuja kumhoji, wakikubaliana inapangwa siku, na daktari wa familia anakuja nyumbani na sindano. Jirani yetu wa kushoto aliondoka hivyo na tukampelekea mkewe supu. Sikuwahi kuwaza kwamba siku hiyo, kwa Baba, ningeipanga mimi, katikati ya mikate ya jibini.

"Marloes," nilisema, "mimi sikujua."

Nikasikia anavuta pumzi. "Gerben alisema unajua."

Nilikwenda kwa Gerben bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo hatujawahi kufanyiana tangu tuhame kwa wazazi. Alifungua mlango, akaniona, akajua. Alirudi nyuma hadi ukutani.

"Baba aliniambia mwezi wa tatu," alisema. "Akanituma nikwambie. Nilikuja kwenu siku ile ya Jumamosi, maneno yamenikaa hapa kooni, ukanipa viazi nimenye. Nikamenya. Nikarudi nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu Baba akatangaza ile Alhamisi na Ijumaa, ukaanza kupanga tarehe hata jicho hupepesi. Nikajua amechoka kunisubiri, amekwambia mwenyewe."

"Na nilipoandika kuwa haiwezekani kwa sababu ya kuogelea? Ulidhani nimeambiwa siku ya kifo cha baba yangu, nikajibu hivyo?"

Gerben alikuwa analia. "Nilidhani ni wewe tu, dada. Ulivyo."

Kifo cha Baba nilianza kukizoea tangu Januari, kwa kiasi ambacho mtu anaweza. Hili silizoei. Watu wanaonijua kuliko wote duniani waliamini naweza kufanya vile, na hakuna aliyenipigia kelele. Walishangaa kidogo, wakafungua kalenda zao, wakatafuta nafasi nyingine.

"Na Baba?" nilimuuliza. "Baba anajua kuwa sikujua?"

Alitikisa kichwa. "Aliniuliza kama nimekwambia. Nikasema ndiyo."

Kwa hiyo Baba naye. Ameumwa wiki zote hizi akiamini kwamba binti yake anajua na hana nafasi. Nilisema nakwenda kumwambia sasa hivi. Gerben akanishika mkono kwa nguvu, kama tulipokuwa watoto.

"Nakuomba, Wietske. Amebakiza siku chache. Unataka azimalize akijua mwanawe alimdanganya usoni?"

"Na mimi? Azimalize akinijua mimi hivyo?"

Aliuachia mkono wangu.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Baba. Muuguzi alikuwepo anabadilisha shuka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikaingia, nikamwona, maneno yote yakapotea.

"Tarehe thelathini ipo?" aliuliza.

"Ipo, Baba."

"Na mvua?"

"Tutavaa makoti."

Akasema vizuri. Nikashuka kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Kumbe mimi na Gerben ni mtu mmoja.

Jumamosi, 24 Mei

Tumewaambia watoto. Jelmer aliuliza kama Babu ataumia. Fenna hakuuliza kitu. Alikwenda kujifungia bafuni.

Jumanne, 27 Mei

Marloes alikuja na ua la kwenye chungu, akasema samahani. Nikamwambia asante. Tulikaa tukiangalia lile ua. Bado namchukia kidogo, na nadhani nina haki.

Alhamisi, 29 Mei

Reuzendal. Mvua, kama nilivyosema. Hata hivyo watu walijaa kila kona, na makoti yao ya plastiki ya rangi zote.

Gerben alisukuma kiti, Baba amefunikwa blanketi na mfuko mkubwa wa plastiki juu yake, kichwa tu kinaonekana. Tulikula mikate chini ya paa la kibanda cha farasi wa mbao wanaozunguka. Fenna, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Jumamosi, alimuuliza ghafla: "Babu, unaogopa?"

"Naogopa foleni," alisema Baba. "Tangu utoto wangu sijawahi kuzipenda."

Fenna akacheka, huku machozi yanamtoka.

Kilichotushtua wote ni treni ya mbao. Baba alitaka kuipanda. Tulimwambia haiwezekani, akasema ngoja nisikie kutoka kwa wenyewe, akataka asukumwe hadi kwa msichana aliyekuwa analinda kizuizi.

"Samahani, mzee," msichana alisema kwa adabu. "Kibao kinakataza wagonjwa. Inatikisa sana hii. Unaweza kufa."

"Hapana, binti yangu," Baba alisema. "Nafa kesho. Miadi ninayo."

Msichana aligeuka mweupe kama karatasi. Alinitazama mimi akitafuta mzaha, akaona sura yangu, akamwita mkubwa wake kwa simu ya upepo. Mkubwa akaja na kofia inayodondosha maji, akapiga magoti matopeni mbele ya kiti, akamshika Baba mkono, akasema anasikitika sana kutoka moyoni. Kisha akasema haiwezekani, sheria ni ile ile kwa wote.

Baba alicheka hadi Gerben akaanza kumpigapiga mgongoni. "Safi," alimwambia yule bwana. "Ungeniruhusu ningeshtuka."

Akaagiza mimi na Fenna tupande, yeye atungojee mlango wa kutokea. Nilipiga kelele kutoka juu hadi chini, kelele za mtu aliyechinjwa, na hapo ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo hakuna anayekuuliza una nini. Tuliposhuka Baba alikuwa ananitazama.

"Umepunguza uchungu?" aliuliza.

"Kidogo."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Gerben alikuwa ameshika vishikio vya kiti, ananitazama kwa macho ya kuomba, na Jelmer akaja kusema ana njaa tena.

Jumamosi, 31 Mei

Baba amefariki jana, saa kumi na moja jioni. Ilikuwa iwe saa nane mchana.

Tulifika asubuhi. Alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa shati jeupe, kitanda kimesogezwa dirishani. Alimuaga kila mjukuu peke yake, kisha Rutger akawatoa watoto. Alikula vijiko viwili vya maziwa mazito ya vanila, akasema yamezidi sukari. Muda ulikuwa unakwenda na mimi nilikuwa bado sijasema. Nikaona nikikaa kimya nitabaki nalo maisha yangu yote, na Gerben akinichukia shauri yake. Nikawaomba yeye na Marloes watoke nje, wakakae bustanini. Gerben alielewa. Alitoka ameinamisha kichwa.

"Baba," nilisema, "mimi sikujua. Texel, na kuogelea, yote yale. Gerben alikudanganya, hakuniambia. Nisingekufanyia hivyo kamwe."

Alifumba macho. Nikadhani nimemuumiza. Kisha nikaona mabega yanatikisika, na kumbe anacheka.

"Gerben," alisema. "Gerben alishindwa kumwambia mama yenu kwamba paka amegongwa na gari. Akamsaidia kumtafuta wiki nzima."

"Kwa hiyo ulijua kuwa hakuniambia?"

"Nilimtuma yeye kwa sababu nilijua hatafikisha."

Nilisikia maneno, lakini hayakuingia. Nikamuuliza kwa nini, nadhani zaidi ya mara moja.

"Ningekwambia mwenyewe, ungelia siku moja," alisema. Alikuwa anapumzika kila baada ya maneno machache. "Siku ya pili ungefuta kila kitu kwenye kalenda yako, ungempigia daktari, ungenipatia tarehe ya karibu kabisa. Nakujua. Na mimi nilishasema kwa kinywa changu, mbele ya madaktari wawili, kuwa nataka. Nilitaka kweli. Ila ikifika tarehe, moyo unakataa kidogo. Ningekwenda kumwambia Hoekstra naogopa? Mimi? Lakini nikimwambia kuwa binti yangu hana nafasi, hilo analielewa. Kila mtu hapa analielewa."

"Ulikuwa unaumwa, Baba. Nilikuona pale bwawani."

"Niliumwa sana. Na mtoto alifaulu."

Nilimkasirikia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilimkasirikia mtu aliyebakiza saa moja. Nilimwambia kaka yangu na mkewe wameniona jiwe miezi miwili, nimesalimiwa kwa mgongo, na yeye amelala hapa anajua kila kitu.

"Kwa hilo naomba radhi," alisema. "Lilikuwa kubwa mno kukuomba, ndiyo maana sikukuomba."

Kengele ya mlango ikalia. Saa nane kamili, Daktari Hoekstra hajawahi kuchelewa. Baba aligeuza uso kuelekea mlangoni, na mkono wake ukaukamata wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Alinitazama tu, na nikaona kuwa safari hii pia hataweza kusema.

Nikaenda kufungua. Daktari alikuwa amesimama na mkoba wake, nyuma yake Gerben na Marloes wameshikana mikono kwenye nyasi.

"Mko tayari?" aliuliza kwa upole.

"Hapana," nilimwambia. "Sasa hivi hatuna nafasi. Kaa hapo bustanini, nitakuita."

Alinitazama, akamtazama Gerben, akaenda kukaa kwenye benchi na kuuweka mkoba miguuni. Nikafunga mlango, nikarudi kwa Baba.